Barua pepe inayojaza vyumba Bagamoyo: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni kwa wenye loji, nyumba za wageni, kumbi za semina na waongoza watalii wa Bagamoyo ambao tayari wana wateja na wanataka warudi. Barua pepe haifai sana kumtafuta mtu asiyekujua. Nguvu yake iko kwa mgeni aliyelala kwako mwaka jana, akafurahi, kisha akakusahau kwa sababu hakuna aliyemkumbusha.

Wengi huanza na maandishi na picha, wakaishia kushangaa kwamba barua nzuri haikuleta hata simu moja. Kinachoamua kwanza ni nani yuko kwenye orodha. Cha pili ni kama barua inafika kweli. Maneno ni ya tatu, na kwa biashara ndogo ya nne ni kasi ya kujibu. Fuata mpangilio huo huo.

Hatua ya 1: Tengeneza orodha ya watu waliokubali

Kishawishi kikubwa kiko mezani pa mapokezi: kitabu cha wageni. Kina majina, simu na barua pepe za miaka. Usikichukue chote ukakimwaga kwenye kompyuta. Mgeni aliandika pale ili apewe chumba, hakuandika ili atangaziwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa itumike kwa lengo lililoelezwa wakati wa kuikusanya. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inataka anayetumiwa matangazo awe ameridhia, ajue anayemtumia ni nani, na apewe njia ya kukataa yasiendelee.

Suluhisho ni mstari mmoja kwenye fomu ya kuingia, mbali na sehemu ya kitambulisho:

"Nitumieni barua pepe moja kwa mwezi kuhusu nafasi na bei. ☐ Ndiyo"

Kisanduku kiwe kitupu. Mgeni ndiye aweke tiki. Na ukisema moja kwa mwezi, iwe moja kwa mwezi. Ukianza kutuma kila Ijumaa, atakayekuripoti atakuwa na haki.

Mwandiko wa mkono ndio unaoua anwani nyingi. Herufi l husomwa kama tarakimu 1, kistari cha chini hupotelea kwenye mstari wa fomu, na ".com" hugeuka ".con" mtu anapochapa haraka usiku. Weka kwenye kaunta msimbo wa QR unaofungua fomu fupi, mgeni achape mwenyewe kwa simu yake. Kisha programu unayotumia kutuma barua imtumie barua ya kuthibitisha papo hapo, mhudumu amwambie, "Tafadhali ibonyeze kabla sijakupa ufunguo, usije ukasahau." Asiyethibitisha haingii kwenye orodha. Utapoteza wachache, lakini waliobaki ni watu halisi wenye anwani zinazofanya kazi.

Kwa kila mtu hifadhi mambo manne tu: anwani, lugha, kundi lake, na tarehe pamoja na mahali alipokubali. Hilo la mwisho ndilo litakalokuokoa siku mtu akiuliza umepata wapi anwani yake.

Wageni waliokuja kupitia Booking.com ni mtego wa aina yake. Anwani unayoiona inaishia na @guest.booking.com, nayo si ya mgeni. Ni anwani ya kupitishia mawasiliano ya buking ile. Usiiweke kwenye orodha. Mgeni huyo mpe QR kama wengine akifika. Na orodha za kununua, zile zinazouzwa kwa maelfu ya anwani "za wakurugenzi wa Dar", ziache kabisa. Zimejaa anwani zilizokufa na anwani za mtego zilizowekwa makusudi kunasa watumaji wa namna hiyo, na domeini yako (jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani yako) ndiyo itakayochafuka, sio ya aliyekuuzia.

Hatua ya 2: Hakikisha barua inafika

Sehemu hii inachosha, na ndiyo inayorukwa zaidi. Akaunti ya bure ya Gmail inakubali wapokeaji 500 tu kwa siku. Ukitumia huduma ya kutuma barua nyingi huku jina la mtumaji likiwa anwani ya @gmail.com, mifumo ya kupokea itaona kwamba barua haikutoka Google na itaitilia shaka. Nunua domeini yako. Ya .co.tz hupatikana kwa wakala aliyeidhinishwa kusajili domeini za .tz.

Kisha, kwenye DNS ya domeini hiyo (mipangilio yake ambayo kompyuta nyingine husoma mtandaoni), weka rekodi tatu.

SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. Kama unatumia barua pepe ya Google, inaanzia hapa:

v=spf1 include:_spf.google.com ~all

Huduma yako ya kutuma kampeni (barua moja kwa watu wengi) ikikupa "include" yake, iongeze ndani ya mstari huo huo. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuandika rekodi ya pili ya SPF. Domeini ikiwa na mbili, zote hazihesabiwi. Kosa la pili ni kurundika huduma: SPF inaruhusu utafutaji usiozidi 10 kwenye DNS, ukipita hapo inafeli. Wengine husahau mfumo wa buking unaotuma uthibitisho wa vyumba, halafu uthibitisho ndio unaoanza kupotelea kwenye spamu.

DKIM ni saini ya siri inayobandikwa kwenye kila barua. Huduma ya kutuma itakupa jina na ufunguo mrefu wa kunakili. Chagua wa biti 2048 kama upo. Hapa huharibika kwa njia mbili: ufunguo unakatika mwishoni wakati wa kubandika, au paneli ya hosti (kampuni inayokutunzia domeini) inajiongezea yenyewe jina la domeini, hivyo rekodi inaishia na jinalako.co.tz mara mbili. Angalia ilivyohifadhiwa, usiamini ulichobandika.

DMARC huwaambia wanaopokea wafanye nini na barua inayodai ni yako lakini haikupita kwenye mbili za kwanza. Anza kwa upole, kwenye jina _dmarc:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@jinalako.co.tz

Soma ripoti kwa wiki chache. Ukiona kila kinachotumwa kihalali kinapita, badili none (wasifanye kitu) iwe quarantine (waipeleke kwenye spamu). Kwa loji hili si pambo: matapeli wanaomwandikia mgeni "tumebadilisha namba ya malipo" hupenda kutumia jina la biashara ambayo domeini yake haina ulinzi.

Kujaribu ni rahisi. Jitumie barua kwenye Gmail, ifungue kwenye kompyuta, bonyeza vidoti vitatu upande wa kulia, chagua kuona ujumbe asilia. Juu utaona SPF, DKIM na DMARC. Kila moja iandikwe PASS. Moja ikikosa, usitume kampeni siku hiyo.

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wamebana watumaji wakubwa. Kwa Google, anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail lazima awe na hizo tatu, awe na njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja, na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3; wanashauri yabaki chini ya 0.1. Loji ya Bagamoyo haitumi barua 5,000, lakini mtumaji mdogo naye anatakiwa kuwa na SPF au DKIM, na malalamiko yanamuumiza haraka kuliko mkubwa. Piga hesabu: kwenye orodha ya watu 400, mtu mmoja akibonyeza "ripoti spamu" tayari ni asilimia 0.25. Ndiyo maana kiungo cha kujiondoa kiwe wazi na kisomeke. Anayetaka kuondoka akikikosa, atabonyeza spamu.

Domeini ikiwa mpya usiamke siku moja ukatuma kwa wote. Anza na watu 50, wale waliolala kwako karibuni zaidi, kisha 100, kisha 200, ukiacha siku moja au mbili katikati na kuangalia zilizorudi.

Hatua ya 3: Gawa orodha katika makundi matatu

Bagamoyo ina wateja wa aina tatu ambao hawafanani kabisa, na barua moja kwa wote humfaa nusu mtu.

Wa kwanza ni familia na marafiki wa Dar es Salaam wanaokuja wikendi. Waandikie Kiswahili, bei kwa shilingi, na usisahau kutaja watoto wanalipiwaje.

Wa pili ni waandaaji wa semina na warsha: maofisa utawala, makatibu muhtasari, waratibu wa miradi. Hawa ndio wenye pesa ya katikati ya wiki, na barua zao hazihitaji picha ya machweo. Wanataka ukumbi unachukua wangapi kwa mpangilio wa U na kwa mpangilio wa darasa, bei kwa mshiriki kwa siku na inajumuisha chai ngapi, jenereta, intaneti, risiti ya EFD, na proforma ndani ya saa moja. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai, kwa hiyo Aprili na Mei ni wakati wa kuwakumbusha wenye bajeti ambazo hazijamalizika. Taasisi za umma hununua kupitia mfumo wa NeST. Kama biashara yako haijasajiliwa humo, barua nzuri kiasi gani haitawawezesha kukulipa. Jisajili kwanza.

Wa tatu ni wageni wa nje. Wanapanga miezi kabla, wanataka lugha yao, na kwao Bagamoyo ni Kaole, Mji Mkongwe, Caravan Serai, viboko wa delta ya Ruvu na safari ya Saadani. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba wauzie kuanzia Januari na Februari. Barua mbili au tatu kwa mwaka zinawatosha.

Hatua ya 4: Andika barua yenye ombi moja

Jina la mtumaji liwe la mtu pamoja na la biashara, "Asha wa" likifuatwa na jina la loji. Kichwa cha barua kwenye simu huonekana herufi 35 hadi 40 hivi, basi kilicho muhimu kitangulie. "OFA KABAMBE!!! USIKOSE" haisemi kitu. Afadhali:

Kichwa: Jumamosi maji yanajaa saa 5, vyumba 4
Dokezo: Chumba cha watu wawili na kifungua kinywa TSh 95,000.

Dokezo ni ule mstari wa kijivu unaofuata kichwa. Usipouandika, programu itachota maneno ya kwanza ya barua, ambayo mara nyingi ni "Kama huoni picha bonyeza hapa".

Kisha barua:

"Habari za siku nyingi,
Jumamosi hii ni maji mafu, bahari haitakimbia mbali. Ukifika saa nne, utaogelea kabla ya chakula cha mchana. Tumebakiwa na vyumba vinne vya watu wawili: TSh 95,000 kwa usiku, kifungua kinywa ndani. Watoto chini ya miaka sita hawalipiwi. Mchana jikoni kuna pweza wa nazi.
Tunashikilia chumba hadi Alhamisi saa kumi na mbili jioni.
[Shika chumba kwa WhatsApp]
Karibuni sana, Asha"

Hakuna historia ya loji, hakuna orodha ya huduma kumi na mbili. Ukitaka kutangaza na harusi na keki, hizo ni barua nyingine. Salamu haina jina, na ni kwa makusudi: majina yaliyonakiliwa kutoka fomu hutoka kwa herufi kubwa, au jina la ukoo peke yake, au nafasi tupu ikifuatiwa na mkato. "Habari MWINYIMKUU," inasikika kama mahakamani.

Kiungo cha WhatsApp kiandikwe wa.me/255 kikifuatiwa na namba bila sifuri ya mwanzo, bila alama ya kujumlisha na bila nafasi. Ukiibakiza ile sifuri hakifunguki. Ongeza ujumbe ulioandikwa tayari, kwa mfano "Nataka chumba Jumamosi, MAJI5". Hilo neno la mwisho litakuambia baadaye mteja ametoka barua ipi.

Kuhusu picha: usitume bango moja lililotengenezwa kama la Instagram likiwa na maneno yote ndani yake. Mwenye simu iliyozima picha ataona mraba mtupu, vichujio vya spamu havipendi barua isiyo na maandishi, na bei iliyo ndani ya picha haiwezi kunakiliwa. Picha moja inatosha, upana wa pikseli 1,200 ili ionekane safi kwenye nafasi ya 600, uzito usizidi KB 200, na maelezo mafupi ya maneno (alt text) yatakayosomeka picha isipofunguka. Maandishi yawe ukubwa wa 16. Msimbo mzima wa barua (HTML, bila picha) ubaki chini ya KB 102. Ukizidi hapo Gmail huikata barua chini, na kinachokatwa ni kiungo cha kujiondoa. Usiambatishe faili. Menyu au bei za ukumbi ziweke kwenye tovuti, toa kiungo.

Hatua ya 5: Tuma wakati mwafaka

Kwa watu wa Dar, Jumanne au Jumatano. Ijumaa mchana wameshapanga, Jumatatu wamezama kazini. Saa nne asubuhi ni wakati mzuri kwa maofisi. Kwa familia, saa mbili usiku. Lakini angalia saa ya programu yenyewe. Huduma nyingi huja zikiwa na saa za Marekani, badilisha ziwe za Afrika Mashariki. Na kumbuka programu inahesabu kwa kizungu: saa nne asubuhi ni 10:00. Ukiandika 4:00, barua itagonga simu za wateja saa kumi alfajiri.

Kalenda ya bahari haipo kwenye kitabu chochote cha masoko, lakini hapa inaamua kama mgeni atarudi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana katikati ya asubuhi na mgeni wa saa nne atakuta mchanga na ngalawa zimelala ubavu. Wikendi hizo uza matembezi ya Kaole au warsha za uchongaji, na kuogelea kuwe jioni maji yanaporudi. Tazama jedwali la maji kabla ya kuandika kichwa.

Sikukuu za Muungano, 26 Aprili, na Mei Mosi huangukia masika. Uza chakula, ukumbi na bei ya mvua. Ukiahidi jua utaombwa kurudisha pesa. Saba Saba na Nane Nane ni za kiangazi, vyumba hujaa vyenyewe, hivyo barua ya wiki hizo iwe kwa wageni wa zamani tu na iende wiki tatu kabla. Mwezi wa Ramadhani acha kuuza chakula cha mchana, uza futari.

Hatua ya 6: Jipange kupokea majibu

Usitume kutoka anwani isiyojibiwa. Barua ikienda, mtu mmoja akae na simu saa mbili za mwanzo bila kazi nyingine. Anayeuliza chumba na kujibiwa kesho yake ameshalipa loji ya Kigamboni.

Linganisha idadi ya barua na idadi ya vyumba. Ukiwa na vyumba vinne na orodha ya 900, tuma kwanza kwa 150 waliowahi kubonyeza viungo vyako. Vikijaa, usiendelee. Kuwaambia watu mia saba na hamsini "samahani vimeisha" ni kuwafundisha kwamba barua zako hazina maana. Maelekezo ya malipo toa kwenye mazungumzo, si kwenye barua ya kampeni, na Lipa Namba iwe ile ile iliyobandikwa mapokezi ili mteja aweze kuithibitisha kwa kupiga simu.

Hatua ya 7: Pima na safisha

Asilimia ya waliofungua isikudanganye. Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple hupakua yenyewe picha, ambazo ndizo hutumika kuhesabu waliofungua, hata mtu asipofungua, kwa hiyo namba hiyo imevimba. Hesabu waliobonyeza, waliojibu, na vyumba vilivyolipiwa kwa lile neno la WhatsApp, kama MAJI5.

Majaribio ya vichwa viwili ni mazuri kwa wenye maelfu ya wasomaji. Kwenye watu 300, ukigawa 150 kwa 150, tofauti ya wafunguaji 30 na 39 inaweza kuwa bahati tu. Tumia muda huo kupiga picha nzuri ya chumba.

Barua zilizorudi zina sababu yake ndani. Msimbo unaoanza na 550 5.1.1 unamaanisha anwani haipo: ondoa siku hiyo hiyo. Unaoanza na 4 ni tatizo la muda, seva imezidiwa kwa mfano. Ngoja, na ikirudi mara tatu kwenye kampeni tatu, ondoa. Asiyebonyeza wala kujibu kwa miezi kumi na miwili mwandikie mara moja umuulize kama bado anataka. Akinyamaza, mtoe.

Waliojiondoa na waliotolewa usiwafute kabisa. Waweke kwenye orodha ya "wasitumiwe", na siku ukihamia huduma nyingine ya kutuma, ipakie hiyo kwanza kabla ya orodha ya wateja. Asipofanya hivyo mtu, anwani zote zilizokataa hurudi kimyakimya kutoka kwenye faili la zamani la Excel, na malalamiko huanza kwenye kampeni ya kwanza.